Mafunzo ya Utangazaji katika Intaneti: Nani Aende, na Arudi na Nini

(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa Makatibu, Wajumbe wa Bodi na Wanachama wa Vyama vya Msingi)





Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo siku hizi nalikuta mara kwa mara katika majalada ya vyama ninavyovikagua, nalo ni barua za mialiko. Chama huletewa barua, au katibu hupelekewa ujumbe katika simu yake, kwamba kipeleke mjumbe kwenye mkutano au mafunzo ya kutangaza biashara kwa njia ya intaneti. Barua hueleza kwamba chama kisichoonekana katika intaneti kitaachwa nyuma. Kwamba baada ya siku mbili au tatu mjumbe atarudi akiwa mtaalamu. Na mwishoni hutaja ada.

Viko vyama ambavyo hulipa bila kuuliza, kwa kuogopa kuonekana vimelala. Viko vingine ambavyo huitupa barua bila kuisoma, kwa kuamini kwamba mambo hayo ni ya watu wa mijini. Njia zote mbili hazifai. Kusudi la mazungumzo yangu ni kueleza mikutano hiyo ni kitu gani, ilianzaje, ina faida gani na hatari gani, na chama kifanye nini kabla ya kutoa fedha za wanachama.

UTANGAZAJI HUU NI NINI

Mtu anayetaka kununua kitu siku hizi mara nyingi huchukua simu na kuandika maneno machache, kwa mfano "asali ya nyuki wadogo" au "nyumba ya wageni karibu na stendi". Injini ya kutafutia, kama ile ya Google iliyoanzishwa mwaka 1998, humletea orodha ya majibu. Majibu hayo ni ya aina mbili, na yafaa tuzitofautishe tangu mwanzo, kwa sababu wengi wanaotoa fedha hawajui wanalipia ipi.

Aina ya kwanza ni majibu yasiyolipiwa. Injini ina programu zinazopita katika tovuti, zikisoma kurasa na kuziweka katika faharasa kubwa, mfano wa daftari la wanachama lililopangwa kwa herufi. Mtu anapouliza, injini hupekua faharasa hiyo na kupanga kurasa kwa jinsi inavyoona zinamfaa muulizaji. Hapa hakuna mahali pa kulipia. Google yenyewe imeandika kwamba hakuna mtu awezaye kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza, na kwamba kununua matangazo hakuipandishi tovuti katika majibu haya.

Aina ya pili ni matangazo ya kulipia. Mfanyabiashara huchagua maneno, akaeleza yuko tayari kulipa kiasi gani kila mtu anapobofya tangazo lake. Maneno hayo huuzwa kwa mnada, na mnada huendeshwa upya kila mtu anapouliza. Lakini si mnada wa fedha peke yake, maana injini huangalia pia kama tangazo na ukurasa wake vinalingana na kile mtu alichouliza. Mpango wa Google wa matangazo ulianza Oktoba 2000 ukiwa na watangazaji 350, na mwaka 2002 ukaingia utaratibu wa kulipa kwa kila mbofyo uliopangiwa bei kwa mnada.

Ndugu zangu, sisi wa ushirika si wageni wa minada. Tunajua kwamba anayeingia mnadani bila kujua gharama yake mwenyewe hutoka na hasara. Jambo hilo nitalirudia.

MIKUTANO HII ILIANZAJE

Mwaka 1996 mwandishi wa habari wa Marekani, Danny Sullivan, alianza kuandika maelezo ya jinsi injini za kutafutia zinavyofanya kazi, ili wenye tovuti waelewe kwa nini wengine huonekana na wengine hawaonekani. Mwaka 1999 aliandaa mkutano mjini San Francisco ulioitwa Search Engine Strategies. Ulikuwa wa kwanza katika mfululizo wa mikutano iliyofanyika miaka mingi katika miji kadhaa ya Marekani na nchi nyingine. Mwaka 2000 wenye tovuti walikutana katika baa mjini London, na mkutano wao ukakua hata ukaitwa Pubcon. Mwaka 2007 Sullivan na wenzake walianzisha mfululizo mwingine, SMX, ambao mkutano wake wa kwanza ulifanyika Seattle. Na mwaka 2010, katika mji wa Brighton huko Uingereza, watu wachache wa kazi hiyo walianza kukutana katika chumba kilicho juu ya baa. Mkutano wao, BrightonSEO, ulikua hata ukahamia katika jumba kubwa la mikutano la mji huo.

Kwa nini watu hawa walikutana? Sababu ni nyepesi. Wenye injini hawaelezi hadharani namna yao yote ya kupanga majibu, maana wakiieleza, wadanganyifu wataitumia. Aidha, wakati huo hapakuwa na chuo kilichofundisha kazi hii. Basi mtu mmoja mmoja alikuwa akiona kipande tu cha jambo: huyu ameona ukurasa wake umepanda, yule ameona wake umeshuka. Walipokaa pamoja na kulinganisha walichokiona, wakaweza kuelewa zaidi kuliko kila mmoja alivyoelewa akiwa peke yake. Huo, kwa hakika, ni moyo uleule uliowakusanya wakulima kuanzisha vyama vyao.

Mikutano hiyo ilipokua ilivuta pia watumishi wa injini zenyewe. Matt Cutts, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha Google cha kupambana na udanganyifu katika majibu, alihudhuria mingi na kujibu maswali ya wenye tovuti ana kwa ana. Palikuwa pia na vikao ambavyo wataalamu walifungua tovuti ya mshiriki mbele ya watu wote, wakamwonyesha kasoro zake. Hayo ni manufaa ya kweli, ambayo mtu hayapati kwa kusoma kitabu peke yake.

HATARI ZAKE

Pamoja na manufaa hayo ziko hatari tatu, na katibu hana budi kuzijua.

Hatari ya kwanza ni kwamba maarifa haya huchakaa upesi. Novemba 2003 Google ilibadili namna ya kupanga majibu, na wafanyabiashara wengi wadogo wakapoteza nafasi zao majuma machache kabla ya Krismasi, wakati wa mauzo makubwa. Februari 2011 yalikuja mabadiliko yaliyoitwa Panda, yaliyoshusha tovuti zenye maandishi mengi yasiyo na maana. Aprili 2012 yalikuja yaliyoitwa Penguin, yaliyoshusha tovuti zilizojipatia viungo kwa hila, kwa mfano kwa kuvinunua ili zionekane zinatajwa na wengi. Basi mtu aliyefundishwa mwaka 2010 jinsi ya kununua viungo, akaja kuvinunua kwa fedha za mwajiri wake, miaka miwili baadaye alikuta amenunua adhabu. Aprili 2015 Google ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri katika simu, kwa watu wanaotafuta kwa simu. Julai 2023 chombo chake cha zamani cha kuhesabu wageni wa tovuti kilisimamishwa, na kila kitabu cha mafunzo kilichokieleza kikawa karatasi tupu. Na Mei 2024, huko Marekani, Google ilianza kuwaonyesha watu wote majibu yaliyotungwa na kompyuta juu ya orodha ya kawaida, hata mtu akaweza kupata jibu bila kufungua tovuti yoyote.

Sisemi hayo ili kuwakatisha tamaa. Nasema kwamba anayealikwa aulize: mafunzo haya yametengenezwa mwaka gani, na yalirekebishwa lini mara ya mwisho?

Hatari ya pili ni wauzaji. Mikutano mikubwa ina ukumbi wa maonyesho ambako makampuni huuza programu na huduma, na wako wanaolipia nafasi ya kuzungumza jukwaani. Hilo si kosa, ni biashara yao. Kosa ni la mjumbe asiyeweza kutofautisha fundisho na mauzo, akarudi nyumbani amesaini mkataba wa mwaka mzima. Mjumbe wa chama hana mamlaka ya kusaini mkataba mkutanoni. Apokee karatasi, aseme ahsante, aziletee Bodi.

Hatari ya tatu ni mialiko ya uongo. Wako watu wanaotunga mkutano usiokuwapo, wakataja hoteli kubwa na majina ya wataalamu, kisha wakaomba ada itangulie. Kabla ya kulipa, katibu apige simu hotelini kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa katika barua, aulize kama ukumbi umekodiwa kwa siku hizo. Aidha, ada ilipwe katika akaunti ya taasisi, wala isipelekwe katika namba ya simu ya mtu binafsi. Na stakabadhi ipatikane.

TUANZE NA VYA BURE

Tiketi kamili za mikutano mikubwa ya Marekani zimekuwa zikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, mbali na nauli na malazi. Simjui katibu mmoja katika ukumbi huu ambaye chama chake kina sababu ya kulipa fedha hizo. Lakini mengi yanayosemwa huko hupatikana bila malipo, na huko ndiko pa kuanzia.

Tangu mwaka 2008 Google imekuwa ikitoa mwongozo wa msingi kwa wenye tovuti, ambao husomwa bure. Inayo pia mafunzo ya matangazo yenye mitihani, ambayo mtu hujifunza na kupata cheti pasipo kulipa ada; na cheti hicho hudumu mwaka mmoja tu, kisha mtu hufanya mtihani tena. Mwaka 2016 ilianza mpango wa kuwafundisha Waafrika milioni moja kazi za intaneti, na mwaka 2017 ikatangaza kuupanua, pamoja na kutoa masomo kwa lugha kama Kiswahili, Kihausa na Kizulu. Tena mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mikutano mingi ya kazi hii ilifanyika katika intaneti, na watu wakahudhuria wakiwa nyumbani kwao. Tangu hapo mazungumzo mengi yamerekodiwa, na mengine hutazamwa bure.

Kwa hiyo natoa shauri hili: mtu asipelekwe kwenye mafunzo ya kulipia kabla hajamaliza yale ya bure. Anayeshindwa kutumia saa kumi za jioni zake kusoma mwongozo usiolipiwa hataongezewa bidii na hoteli wala na posho. Na aliyesoma kwanza ataenda akiwa na maswali, wala hatatumia siku ya kwanza kuelezwa maana ya maneno.

JE, CHAMA KINA CHA KUTAFUTWA?

Sasa nije kwenye swali ambalo Bodi ijiulize kabla ya swali la ada: je, chama chetu kinauza kitu ambacho mnunuzi hukitafuta kwa kuandika maneno katika simu?

Chama ambacho zao lake lote huuzwa kwa mnada, kwa mfano korosho zinazopitia stakabadhi za ghala, hakina mnunuzi wa kumvuta kwa tangazo la intaneti. Wanunuzi wa mnada wanajulikana, na utaratibu wao unajulikana. Chama hicho kikilipia matangazo kitakuwa kinampigia ngoma mtu ambaye tayari yumo uwanjani. Lakini chama chenye asali iliyofungwa katika chupa, chenye kahawa iliyokaangwa, chenye ukumbi wa kukodisha, duka la pembejeo au nyumba ya wageni, hicho kina cha kutafutwa. Hata chama cha akiba na mikopo kina cha kutafutwa, maana mwanachama mpya hutaka kujua ofisi iko wapi na hufunguliwa saa ngapi.

Na kwa vyama vya namna hiyo, kazi ya kwanza mara nyingi si matangazo hata kidogo. Ni kujaza bila malipo maelezo ya chama katika ramani ya Google: jina sahihi, mahali, namba ya simu inayopokelewa, saa za kazi, na picha. Kazi hiyo ni ya nusu siku.

Nitatoa mifano miwili niliyoikuta katika ukaguzi, bila kutaja majina. Chama cha kwanza kilimpeleka kiongozi wake kwenye mafunzo ya siku tatu mjini. Katika jalada nilikuta hati ya malipo, cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na picha ya washiriki. Niliuliza ni kazi gani imefanyika tangu aliporudi. Nikaonyeshwa cheti. Nikafungua tovuti ya chama, nikakuta namba ya simu ya katibu aliyeacha kazi miaka miwili nyuma. Mnunuzi aliyeitafuta asali ya chama hicho alikuwa anampigia mtu anayeuza vifaa vya ujenzi.

Chama cha pili hakikumpeleka kiongozi. Kilimpeleka karani wa mauzo, dada mmoja kijana ambaye ndiye hupokea simu za wanunuzi. Alikwenda na karatasi yenye maswali matano yaliyopitishwa na Bodi. Aliporudi hakununua tangazo lolote. Alirekebisha namba ya simu, akaweka mahali sahihi katika ramani, akapiga picha za bidhaa kwa mwanga wa mchana, akaandika bei na uzito wa kila chupa. Kisha akawafundisha wenzake wawili, ili akiugua au akihama kazi isilale. Wateja waliokuwa wakipiga simu kuuliza njia sasa wanafika wenyewe. Hayo ndiyo matunda ya mafunzo. Hayana muhuri wa dhahabu, lakini yanaonekana.

HESABU KABLA YA SAFARI

Naomba sasa tufanye hesabu mbili. Tarakimu nitakazozitaja ni za mfano tu, lakini kila chama kiweke zake.

Hesabu ya kwanza ni ya safari. Tuseme ada ni shilingi 600,000, nauli ya kwenda na kurudi 160,000, na posho ya siku nne kwa 80,000 kila siku ni 320,000. Jumla ni shilingi 1,080,000. Chama kikiwa na wanachama 360, kila mmoja amechangia shilingi 3,000 safari ya mtu mmoja. Na kama chama hubakiwa na shilingi 200 kwa kila kilo ya asali baada ya kutoa gharama zote, basi hakina budi kuuza kilo 5,400 zaidi ya zile za kawaida ili kurudisha fedha hizo. Katibu asimame mbele ya Mkutano Mkuu aseme: "Ndugu wanachama, safari hii itatuletea mauzo ya kilo 5,400 zaidi." Akiona haya kulisema, basi safari hiyo isifanyike, au itafutwe iliyo nafuu.

Hesabu ya pili ni ya matangazo, na ndiyo mjumbe aende nayo mkutanoni. Tuseme kila mbofyo unagharimu shilingi 400, na watu 300 wamebofya. Chama kimetumia 120,000. Katika hao 300, tuseme sita wamenunua. Basi kila mnunuzi amegharimu shilingi 20,000 kumpata. Kama faida ya oda moja ni shilingi 12,000, chama kimepata hasara ya 8,000 kwa kila oda, ingawa mauzo yameongezeka na watu wanapiga makofi. Lakini kama mnunuzi huyo hurudi na kununua mara tatu kwa mwaka, faida yake ni 36,000, na chama kimebakiwa na 16,000. Tofauti ya hasara na faida hapa haikuletwa na tangazo. Imeletwa na chupa iliyofungwa vizuri na simu iliyopokelewa kwa adabu. Mjumbe anayeielewa hesabu hii hawezi kudanganywa na mzungumzaji yeyote, awe wa hapa au wa ng'ambo.

UTARATIBU NINAOUPENDEKEZA

Kabla ya kwenda, Bodi ipitishe safari katika kikao na kuiandika katika muhtasari, fedha zikiwa zimo katika makisio yaliyokubaliwa. Ichague mtu atakayeifanya kazi yenyewe baada ya kurudi, wala isichague kwa cheo au kwa zamu ya posho. Najua jambo hili lina uzito. Katika vyama vingi safari imekuwa kama zawadi, na mzee wa Bodi akiachwa hujiona amedharauliwa. Lakini zawadi ya mzee itolewe kwa njia nyingine, na safari ya kazi apewe mwenye kazi. Mjumbe apewe maswali yasiyozidi matano, yaliyoandikwa. Kwa mfano: wanunuzi wa bidhaa yetu hutumia maneno gani wanapotafuta? Ukurasa wetu una kasoro gani? Tutajuaje kwamba oda fulani imeletwa na intaneti?

Akiwa huko, asihudhurie kila kikao kwa kukimbizana. Achague vile vinavyogusa maswali yake. Awatafute watu wa biashara ndogo inayofanana na yetu na kuwauliza walifanya nini na walipoteza nini, maana mara nyingi mazungumzo ya wakati wa chai hufundisha kuliko jukwaa. Asimpe mtu yeyote neno la siri la akaunti za chama, hata kama ni mkufunzi.

Aliporudi, katika siku 14 alete taarifa ya kurasa mbili: majibu ya maswali aliyotumwa, kazi tatu za kufanya, nani atazifanya na lini. Awafundishe wenzake wasiopungua wawili. Na kama chama kitaamua kutangaza, akaunti ya matangazo iwe kwa jina la chama na kwa barua pepe ya chama, na watu wawili wawe na ruhusa ya kuifungua. Isiwe ya karani peke yake wala ya kampuni iliyoajiriwa. Chama ambacho akaunti yake imo mikononi mwa mtu wa nje ni sawa na chama ambacho daftari lake la hesabu linalala nyumbani kwa muuza duka.

Baada ya miezi mitatu, katibu aweke katika jalada karatasi moja: oda za miezi mitatu kabla, oda za miezi mitatu baada, na fedha zilizotumika. Mimi nikija kukagua sitauliza cheti. Nitaiomba karatasi hiyo.

TUUNGANE

La mwisho, Ndugu zangu, ni hili. Hakuna sababu ya vyama kumi vya wilaya moja kulipa ada mara kumi kusikiliza somo moja. Vyama vinaweza kuchanga kupitia Chama Kikuu, wakapeleka watu wawili waliochaguliwa vizuri, nao wakirudi wakafundisha wengine katika ukumbi huu kwa siku moja. Mseto huo hugharimu kila chama sehemu ndogo tu ya ada.

Na tusisahau kwamba ile mikutano mikubwa tunayoisikia ilianza na watu wachache katika chumba kidogo. Sisemi tukutane baani. Nasema makarani wa mauzo wa vyama vyetu wanaweza kukutana mara moja kila miezi mitatu, kila mmoja akaleta simu yake na ukurasa wa chama chake, wenzake wakautazama na kumweleza kasoro bila kuoneana haya. Mkutano wa namna hiyo hauna ada, nao utawafaa zaidi, kwa sababu wote wanauza katika mazingira mamoja.

Elimu si jambo la pembeni katika ushirika. Waanzilishi wa Rochdale, waliofungua duka lao mwaka 1844, baadaye walitenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakiwa wafanyakazi wenye kipato kidogo. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianzishwa mwaka 1963, wakati taifa letu lilikuwa bado changa na fedha zilikuwa haba. Na misingi ya ushirika iliyotangazwa upya na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995 inataja elimu, mafunzo na habari kuwa msingi wa tano. Kwa hiyo sitaki mtu yeyote atoke hapa akisema Mkaguzi amekataza mafunzo. Mkaguzi anataka mafunzo yaandikwe katika daftari kama bidhaa nyingine yoyote: kilichotoka, kilichoingia, na baki yake.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hamjaijibu barua ya mwaliko iliyo mezani kwenu, itisheni kikao, andikeni maswali yenu matano, na mpigieni simu jirani yenu wa chama cha pili kumwuliza kama naye amepata barua hiyohiyo.